Nani Atamsindikiza Isabel?

Napenda kuutaarifu umma kwamba ng'ambo ya mto Ruvuma ni shwari. Hayo ndiyo matokeo ya Kamati ya Kuthibitisha Hofu, ambayo mimi, Anold, ni Katibu wake. Tuliyafikia kitaalamu: tulikwenda mpaka ukingoni, tukasimama upande wetu, tukatazama kwa darubini. Tuliona kiboko amelala. Kiboko halali penye vita. Tukala pilau, tukarudi Mtwara mjini.

Kwa msingi huo tulilikataa ombi la hifadhi ya ukimbizi la Isabel Bernardino, bila kinyongo chochote. Mama huyu alivuka kutoka Msumbiji na wanawe wawili baada ya kijiji chake kuchomwa moto na mumewe kuchinjwa. Sasa anauza mihogo kule Chuno. Kifo cha mumewe hatukukipinga. Tulichohoji ni kiwango cha hofu: mbele yetu hakutetemeka, na mwanawe mdogo alicheka. Hofu haikukidhi vigezo, tukaamua arudishwe.

Isabel si mtu wa kulala. Akapata wakili wa msaada wa kisheria, Gaudensi, akatufikisha Mahakama Kuu kwa mapitio ya uamuzi wetu. Mwenyekiti wetu, Mzee Joshua, alicheka sana. Akatuelewesha kwamba mapitio hayaangalii kama uamuzi una akili, yanaangalia kama utaratibu umefuatwa, na utaratibu sisi tunao tele.

Mbele ya Jaji Gladness, Mwenyekiti alisoma kiapo cha Kamati kwa sauti ya mshehereshaji wa harusi: Isabel ni mgeni wetu mpendwa, kwao kuna amani, Kamati inamtakia safari njema. Jaji akamuuliza Isabel kama ana neno.

"Sikatai, Mheshimiwa. Ila mgeni husindikizwa. Wanifikishe mpaka mlangoni kwangu, pale nilipomzika mume wangu."

Jaji akaona ombi ni la kiungwana. Akauliza nani atakwenda. Mwenyekiti akakumbuka kwamba ana presha. Mjumbe wetu Kelvin akaitaarifu mahakama kuwa atafiwa Ijumaa. Kisha wote wakanigeukia mimi. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na kwa bahati mbaya mimi ni mtu wa Tabora kweli.

"Utaondoka naye kesho asubuhi," Jaji akaniambia.

Magoti yakaanza kugongana. "Mheshimiwa, nitachinjwa. Nina watoto."

Jaji akamgeukia Mwenyekiti, akamuuliza kama hofu ya Katibu wake inakidhi vigezo. Mzee Joshua akayachunguza magoti yangu kwa makini, akathibitisha kwamba inakidhi na kuzidi.

"Huyu mama naye ana watoto," Jaji akasema, huku akiandika.

Akautengua uamuzi wetu palepale. Isabel na wanawe wabaki, na mtu yeyote asirudishwe mahali ambapo mjumbe wa Kamati anaogopa kumfikisha. Niliona aibu kubwa, na nilifurahi kumpita hata Isabel mwenyewe.

Kamati haikukata tamaa. Tumetangaza nafasi ya Msindikizaji Mwandamizi, yenye posho, bima na viatu. Mpaka sasa ameomba mtu mmoja tu, Isabel. Anasema Mwenyekiti akiwa tayari kwenda kuifaidi ile amani, yeye atamsindikiza mpaka ukingoni, halafu Mwenyekiti aendelee mwenyewe.