Soko la Sungura wa Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Juni

Nimefanya utafiti. Bila shahada, bila semina, humu humu saluni kwangu. Kati ya wateja ishirini walioketi chini ya draya wiki iliyopita, kumi na wanne walikuwa wanacheza gemu ya yule sungura mwenye mashavu. Asilimia sabini! Wiki ya nyuma yake walikuwa watatu. Watu wazima, wenye wajukuu, wanamlisha karoti na kumwita mwanangu. Gemu za bunduki, sifuri. Watu sasa wanataka vitu vya kupendeza, na wa kwanza kuliona hilo ni mimi.

Mpango: kava za simu zenye masikio ya sungura. Mia tatu. Nitatumia akiba niliyoiweka ya kukodi chumba cha pili cha saluni; kava zitairudisha haraka. Mwenye nyumba amenipa mpaka Jumamosi nilipie, la sivyo anampa fundi cherehani. Huyo mwanamke ameshakuja kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mapazia!

Jumanne, 4 Juni

Wifi yangu amekuja kusetiwa nywele, bure kama kawaida. Nikamweleza takwimu. Akauliza hao wateja gemu waliijulia wapi. Nikamjibu kwamba niliwatumia mwaliko mimi mwenyewe, maana kila anayejiunga napata karoti hamsini. Akacheka mpaka rola mbili zikadondoka. "Wifi, huo si utafiti, hiyo ni kampeni."

Kijicho. Sabini ni sabini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempa mume wangu pesa akanunue kava duka la jumla. Karudi jioni, pesa zote mkononi, uso umemshuka. Kumbe alikuta foleni, akaketi benchi la nje kusubiri, akafungua simu kidogo tu. Sungura wake alikuwa na homa. Ilibidi ambembeleze. Alipoinua kichwa, duka limefungwa.

Watoto wetu wakiugua huwa ananiamsha mimi.

Nimenuna. Nimemwambia kesho awe mlangoni kabla hawajafungua.

Ijumaa, 7 Juni

Mteja wa kwanza kaingia akilalamika: sungura amebadilishwa usiku. Karoti sasa ni za kununua, na usiponunua analia. Wa pili naye hivyo hivyo. Mama mmoja kasema amelea watano wa tumboni mwake, hawezi kudaiwa na sungura. Kaifuta gemu mbele yangu. Nikawapigia wengine. Kati ya kumi na wanne, kumi na mmoja wameshaifuta!

Nikampigia mume wangu. Yuko kaunta, anatoa pesa mfukoni. Nikamwambia azirudishe mfukoni, atoke, asiulize kitu. Akauliza kama anaweza walau kununua moja ya kwake.

Nikaketi chini ya draya yangu mwenyewe. Haikuwashwa. Nilihitaji tu pa kukaa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelipa. Ufunguo ninao kifuani, wa baridi, mtamu. Fundi cherehani kakunja futi yake na kupita bila salamu. Nimewasamehe wote: wifi, mume wangu, hata sungura. Leo usiku nitalala kama gunia.

Jumatano, 12 Juni

Gemu mpya: bata mdogo wa manjano! Anavaa kofia, anaoga kwenye beseni. Kumi na saba kati ya ishirini. Asilimia themanini na tano, na safari hii sikubahatisha: mialiko nimewatumia wote siku moja, ili takwimu ziwe safi.

Nimelifikiria pia lile kosa la sungura. Soko halikuwa na tatizo. Tulichelewa tu. Fundi cherehani amekubali kupanga nusu ya chumba kipya na kunilipa miezi mitatu mbele, kwa hiyo pesa ipo. Wifi anasema nitulie kwanza. Wifi ameajiriwa, hajui biashara.

Kesho mume wangu anakwenda tena duka la jumla. Simu ataiacha nyumbani.