Nilivyozama Kwenye Maji ya Kiuno

Leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, na maji yenyewe yalikuwa yananifika kiunoni.

Nianze mwanzo ili mnihukumu vizuri. Mimi na mke wangu Neema tuna miaka kumi na miwili ya ndoa, na hatujawahi kwenda popote kupumzika wawili tu. (Harusi ilikuwa Jumamosi, Jumatatu nikarudi kazini.) Mwaka huu tumekata shauri. Baada ya wiki tatu tunakwenda Ugiriki, kisiwa cha Milos. Tiketi tunazo. Mama mkwe amekuja kutoka Ukerewe, yuko kwetu hapa Woodbridge, Marekani, na ndiye atakayebaki na watoto siku zote kumi. Bila yeye hakuna safari.

Neema amepanga kila kitu. Siku ya kwanza, kutembelea zile nyumba nyeupe za kilimani. Siku ya pili, kukodi pikipiki ya magurudumu manne tuzunguke fukwe. Siku ya tatu, mashua hadi kwenye mapango ambako barabara haifiki. Juzi akanionyesha video. Mashua inasimama mbali, watu wanaruka majini, wanaogelea hadi pangoni huku wanacheka.

"Hiyo ndiyo naisubiri kwa hamu," akasema. "Na niko na wewe, siogopi kitu."

Nikatabasamu. Moyoni nililia.

Jamani, mimi sijui kuogelea. Nimezaliwa Dodoma. Maji mengi niliyoyazoea utotoni yalikuwa ndooni. Lakini siku nilipokwenda kujitambulisha ukweni, kule kisiwani Ukerewe, wajomba waliniuliza kama nayaweza maji. Nikaona wanavyonitazama, nikajibu, "Ziwa nimeshalivuka." (Nililivuka kweli. Kwa kivuko.) Wakapiga makofi. Uongo huo nimekaa nao hadi leo.

Basi nikajiandikisha kimya kimya darasa la watu wazima wasiojua kuogelea, bwawa la ndani, hapa hapa kaunti. Leo ndilo lilikuwa somo la kwanza. Nyumbani nikaaga kwamba naenda overtime. Nilikuwa nimeagiza na bukta ya kuogelea mtandaoni, rangi ya chungwa. Kwenye picha ilifika magotini. Kwangu mimi iliishia mahali ambapo sitapataja.

Mwalimu wetu ni mama mmoja Mmarekani mweusi anayeitwa Renee. Aliposikia natoka Tanzania alifurahi mno, maana Kiswahili alikisoma chuoni.

"Karibu sana, ndugu yangu! Usiogope. Maji ni rafiki."

Nikaingia. Akaniambia nilale chali, yeye amenishika mgongo. Sekunde tatu nzuri kabisa. Halafu akaachia.

Nikazama! Nikameza maji. Nikapiga mikono, nikapiga miguu, nikaita jina la Yesu, la mama yangu, na nadhani la bosi wangu pia. Nikawaona wanangu wakiwa yatima. Ndipo nikasikia sauti tulivu kutoka upande wa pili wa bwawa:

"Baba Glory. Simama."

Nikasimama. Maji yakaishia kiunoni.

Upande ule kulikuwa na wazee kama kumi wakifanya mazoezi ya majini, na wote wamegeuka kunitazama. Katikati yao, amevaa kofia ya mpira ya waridi, alikuwa mama mkwe wangu.

Kwa wasiojua mila zetu: mimi na mama mkwe hatukai meza moja. Akiingia sebuleni, natoka. Tukisalimiana naangalia zulia. Nilijua kila Jumamosi Neema humpeleka mahali kwa ajili ya magoti yake, lakini wapi, sikuwahi kuuliza. Mtu unaanzaje kuuliza habari za magoti ya mkweo?

Sasa nimesimama mbele yake kifua wazi, na ile bukta. (Maji ya bwawa lile ni safi kupita kiasi. Kila kitu kinaonekana.) Nifanyeje? Adabu ikanijia haraka kuliko akili. Nikachuchumaa kutoa shikamoo. Ndani ya maji. Salamu yote ikatoka mapovu matupu.

Nilipoibuka, alikuwa amenipa mgongo. Nikajua safari imekufa. Mama atataka ndege ya kwanza, wajomba watapata habari, na Neema wangu ataishia kuitazama Milos kwenye simu. Nikaona uchungu kweli.

Lakini hakuondoka. Akaanza kuja kinyumenyume, taratibu, bado kanipa mgongo, akasimama mita nne hivi. Akamwita Renee.

"Mwanangu, mwambie mkwe wangu alaze kichwa. Anapigana na maji kama mtu anayefukuza nyuki."

Renee akanigeukia kwa heshima zote. "Mama anasema ulaze kichwa."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Mwambie avute pumzi, tumbo liwe juu. Tumbo analo, litamsaidia."

Renee akasita. "Mama anasema... tumbo lako ni zawadi."

Nikalaza kichwa. Nikavuta pumzi. Na jamani, nikaelea! Nikaziangalia taa za dari zikipita juu yangu, moja, mbili, tatu, hadi sita. Wale wazee wakashangilia. Sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi vile.

Baada ya kuvaa nikamkuta mama amekaa kwenye benchi la mapokezi, anamsubiri Neema. Akazungumza nami huku anaitazama mashine ya soda.

"Mimi nimekulia majini, baba. Mtu anayeogelea namjua hata anavyonawa uso. Wewe nilikujua siku ile ile."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Mtu aliyekubali kuvaa nguo ile mbele za watu kwa ajili ya mwanangu, nina ugomvi gani naye? Nendeni mkatembee. Watoto nitakaa nao." Akajifunga khanga vizuri. "Ila Jumamosi ijayo mlete na mwenzako."

"Neema? Si ni mtoto wa kisiwani!"

"Kalelewa Mwanza mjini kwa shangazi yake. Ziwa aliliona dirishani. Ameniambia siku ya mapango ataning'inia shingoni kwako."

Nilikaa chini, mwisho wa benchi.

Neema alipofika nilimweleza yote pale pale kwenye maegesho. Akacheka mpaka akaegemea usukani. Halafu akapangusa macho, akanishika mkono. "Me too, babe. Nilidhani utaniacha kwenye boat peke yangu."

Kwa hiyo msicheke. Mwenye majaketi mawili ya kuelea, saizi ya watu wazima waongo, aje inbox.