Ngassa, Kinu na Kilima cha Mhunze

Kro. Kimya. Kro-kroo.

Febronia akafumbua macho gizani. Nani anatwanga saa hizi, tena kinu kitupu? Akapapasa kitanda, mume hayupo. Kutoka jikoni akamsikia Klara, binti yao wa miaka minne: "Vuuuuu... vuuu... vu... vu..." sauti ikizidi kuchoka. Kro! Mara ikachangamka upya: "Vuuuuu!"

Akachungulia. Ngassa kakalia kigoda, mchi ndani ya kinu kauinamisha huku na huku kama gia, ndala ya kushoto ndiyo klachi.

"Baba Klara, mwache mtoto alale."

"Akilala, mimi nitajuaje pa kubadilisha?"

Kulipokucha, birika la kahawa aliyouza Febronia lilikuwa tayari mbele ya ghala la pamba, Mhunze, Klara kando yake. Habari ilimtangulia kwenye benchi la wateja.

"Mmesikia?" alianza Ansgar, fundi cherehani waliyemwita Redio maana hazimiki. "Mtahini kaingia jana kutoka Shinyanga! Leo matingo wa malori wanapandishwa kilima na shehena ya pamba. Anayetaka udereva na auonyeshe huko."

"Ngassa keshaanguka mara mbili," alisema Mzee Dominiko, dereva mstaafu, jina lake la benchini Klachi. "Akianguka leo ndiyo basi, anarudi kwenye magunia."

Kahawa ikamponyoka Febronia, ikamwagika nje ya kikombe. Kila jioni akitoka darasa la watu wazima huukanda mgongo wa Ngassa kwa maji ya moto. Mgongo ule usingehimili msimu mwingine wa kubeba magunia.

"Kilichomharibu ni plau," Klachi aliendelea. "Miaka kumi na ng'ombe! Ng'ombe akichoka kilimani unamsubiri apumue. Sasa lori nalo analisubiri lipumue! Injini inakata roho, mwenzenu anapiga mluzi!"

"Mara ya pili alilibembeleza kabisa kwa Kisukuma," akadakia Redio. "'Ng'wanawane, mwanangu, kaza kidogo.' Lori lenyewe limetoka Uingereza!"

Benchi zima likacheka. Febronia naye, kidogo.

"Nimemwambia ahesabu," Redio akasema. "Ukifika saba, badilisha."

"Kilima nacho kimesoma hesabu? Gia husikilizwa kwa makalio, bwana. Kiti kikikutekenya, panda gia. Kikikutikisa, shusha."

"Makalio hayo hayo yaliyotulaza porini Buseresere siku mbili?"

"Shikamooni, wazee," Febronia akawakata. "Mmempa makalio, mmempa na hesabu. Miguu yake mmemwachia?"

"Marahaba, Mama Klara," wakaitikia kwa aibu.

Ndipo lori likanguruma nyuma ya ghala. Likapita mbele yao, Ngassa usukanini kakakamaa kama picha ya kitambulisho, mtahini pembeni na daftari. Likaanza kupanda. Katikati ya kilima mngurumo ukaanza kulegea.

"Saba imepita!" Redio akapiga kelele. "Imepita!"

"Bado! Halijatikisika!"

"Anangoja lipumue huyo, tumekwisha!"

Febronia alishika kifuniko cha birika bila kuhisi kwamba kinamuunguza. Pembeni yake Klara alikuwa akichezesha midomo polepole. Vuuu... vu... vu...

Kro!

Mngurumo ukainuka, mzito na wenye nguvu. Lori likakwea, likafika kileleni, likatoweka upande wa pili, likiacha manyoya ya pamba yakielea barabarani.

Benchi likalipuka.

"Mmeona? Makalio yale!"

"Saba, mzee! Saba yangu ile!"

"Wewe na saba yako! Mama Klara, nipe kahawa ya mwalimu, ya bure."

"Mwalimu ni mimi!"

Febronia alikuwa akifuta machozi kwa pindo la khanga, hata hakujua kikombe cha nani alichokuwa akikijaza. Klara akapanda juu ya benchi katikati yao.

"Injini nilikuwa mimi," akasema.