Mamba Muntu wa Akwariamu ya Tshiamala

Jumatatu, 1 Machi 1993. Kapata, Kolwezi.
Rafiki yangu Tshiamala amehamia kituo cha gari moshi na watu wake wote, wanangoja kusafirishwa. Amezaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini babu yake alitoka Kasai, mkoa mwingine, basi wanafukuzwa warudi "kwao". Moyo unaniuma. Ameniachia akwariamu yake, sanduku la kioo lenye visamaki vyekundu. Yeye aliachiwa na mzungu mmoja aliyekimbia mwaka wa uporaji wa askari, 1991, akisema anarudi karibuni. Nimeapa kuitunza mpaka rafiki yangu arudi. Gracien, mkubwa wa vijana wa mtaa, amesema vitu vya wanaoondoka ni vya mtaa, na Jumamosi anakuja kuichukua. Aje tu.

Jumatano, 3 Machi.
Nimepata mbinu! Nyuma ya kioo, kwa nje, nitachora mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, anayekutajirisha kisha anakula ndugu zako. Gracien haogopi askari, ila picha ya mamba muntu hukaa akiipa mgongo. Rangi ni buluu ya kufulia, mkaa na udongo mwekundu, vyote nimekoroga na uji wa bukari, ugali wetu. Tshiamala akirudi, kitambaa kibichi kinatosha kuitoa. Akili hiyo! Mado, mke wangu, aliniuliza kwa sauti ndogo, ile mbaya: "Bukari ya batoto njo unapakala ku kioo?" Nikamwambia ndiyo, chakula cha watoto, kwa sababu hii ni vita.

Alhamisi, 4 Machi.
Nimechora kama wachoraji wote wa kwetu. Kwanza mbingu na maji, buluu tupu. Juu yake mwanamke, nywele, saa mkononi, nyoka. Mzuri kupita kiasi! Nikazunguka mbele kumtazama kupitia kioo. Buluu tupu. Kumbe kwenye kioo, kilichopakwa kwanza ndicho kinachoonekana upande wa pili. Mwanamke wangu anautazama ukuta wa dirisha. Mado alicheka mpaka akaketi chini.
Nimegeuza akwariamu yote. Sasa mamba muntu anawatazama wageni, na samaki wako nyuma yake, upande wa dirisha. Uji uliisha kabla sijamtia macho, kwa sababu Mado alininyang'anya sufuria. Nikakwangua matundu mawili kwa ukucha. Yanatosha.

Jumamosi, 6 Machi.
USHINDI! Gracien alikuja na mkokoteni, kifua mbele. Mara kisamaki chekundu kikapita nyuma ya jicho la kushoto. Kisha la kulia. Gracien akasema polepole: "Tata Mukalay, ule mwanamuke iko naniangalia." Nikamjibu kwamba mwanamke anauliza mama wa Gracien anaitwa nani. Akatoka kinyumenyume. Mkokoteni ameuacha uani. Nimecheza rumba peke yangu salonini.

Jumapili, 7 Machi.
Baada ya misa nimewasimulia watu wachache mbinu yangu, uji na yote. Karibu parokia nzima. Mado alinivuta shati, lakini ushindi usiosimuliwa una utamu gani?

Jumatatu, 8 Machi.
Gracien amerudi na kitambaa kibichi. Amempangusa mamba muntu, amemwaga maji sakafuni, amepakia akwariamu mkokotenini na kwenda zake akicheka. Lakini niandike kwa haki: rangi imetoka yote, bila doa, kama nilivyopanga. Kazi safi! Na samaki hakuwapata. Mado aliwaokota sakafuni, akawatia kwenye sufuria ya bukari. Kioo chake, samaki wetu.

Jumatano, 10 Machi.
Gari moshi limekuja. Nilibeba sufuria mpaka kituoni. Tshiamala alichungulia ndani, akacheka, kisha akalia. Nami nikalia, siwezi kuficha. Mkewe, Mama Ndaya, akasema: "Tata Mukalay, shiye hatutarudia." Nikamwambia aache maneno hayo. Mwezi mmoja, miwili, watakuwa hapa.

Alhamisi, 11 Machi.
Sasa Gracien anaitaka nyumba yenyewe ya Tshiamala. Masikini, hajui anapambana na nani! Nyumba ina madirisha mawili makubwa ya kioo yanayotazama barabara. Mamba muntu wawili! Mado ameficha unga, nimeuona. Gracien nimeshamwonya uso kwa uso kwamba safari hii, hata atazame vipi, hatajua kama ni uji wa bukari. Nachora nikiwa ndani ya nyumba, mvua isije ikawafuta kabla Tshiamala hajarudi. Mbingu nimeshamaliza, buluu tupu.