Jinsi Mama Wembe Alivyolisaka Yai la Sifongo

Sogeeni, enyi wenye masikio na subira, mliokaa na mliosimama. Hata wewe uliyeshika kikombe, kiweke chini kwanza. Nasimulia vita vya Mama Wembe, fundi wa maabara, mkata-nta asiyepepesa jicho, aliyeuingia mwili wa sifongo wa kilindini kulisaka yai moja dogo kuliko chembe ya chumvi.

Jueni kwamba sifongo huyu, mnyama aliyetolewa kwenye giza la bahari ambako jua halijawahi kutia mguu, hana tumbo wala nyonga, na mapenzi yake ni ya ajabu. Dume huachia mbegu zake majini ziende zitakako; jike, asiyebanduka pake maisha yake yote, huzivuta ndani pamoja na chakula, kisha hana budi atambue kipi ni mlo na kipi ni mchumba. Mayai huyaweka popote mwilini, kama mtu anavyoweka funguo.

Miaka mitatu Binti Hadubini, mtafiti kijana, aliyatafuta asiyaone. Na Alhamisi ile Profesa, mkuu wa maabara, mwenye miwani miwili na tabasamu nusu, akatangaza: ikifika saa sita yai halijaonekana, ataandika kwamba sifongo hawa huzaliana kwa kuchipua tu, na utafiti wa binti utafungwa.

"Mama, basi," akasema Binti. "Nimekata juu kote. Nimeshindwa."

"Umeshindwa nini, mwanangu? Huku shinani mbona hujakata?"

"Kuna uzi wa lebo. Si unajua sheria? Uzi hauguswi."

Naam! Katika maabara ile kila sifongo, mdogo kama kidole gumba, alifungwa lebo kwa uzi shinani, akalainishwa miiba yake ya kioo, akazamishwa mzima ndani ya nta, ili akatwe vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini. Na tangu enzi za kale hapana mkono uliothubutu kuufungua uzi huo. Watafiti kwa watafiti walikata juu, wakafika kwenye uzi, wakasimama kwa adabu.

Mama Wembe akainuka, akafunga aproni upya, akanena kwa sauti iliyotikisa chupa rafuni: "Ewe uzi! Umeheshimiwa humu kuliko mimi ninayeosha vyombo vya watu. Leo ama zangu ama zako!" Akaukata. Lebo akaibandika kifuani kwa pini isije ikapotea, ikamkaa kama nishani.

Ikawa vita. Feni ikazimwa, dirisha likafungwa. Kipande cha kwanza cha nta kilichanika; cha pili Binti alikipeperusha kwa kushusha pumzi.

"Usipumue, we mtoto!"

"Mama, nitakufa!"

"Ufe baadaye, tumalize kwanza."

Kipande cha kumi na tisa kikatoka kizima. Mama Wembe akakielekeza kwa brashi juu ya maji ya uvuguvugu, akakipandisha juu ya kioo, akakitia rangi, akamwachia Binti hadubini. Binti akatazama. Akatazama tena. Kisha akamkumbatia fundi, akalia kwa furaha bila aibu.

Hapo Profesa akaingia, karatasi yake ya hukumu mkononi. Akaiona lebo kifuani. "Nani kaukata uzi?"

"Mimi hapa," akasema Mama Wembe. "Ukinifukuza, nifukuze ukishaangalia."

Profesa akavua miwani ya kwanza, akainama. Yai lilikuwa pale, la mviringo, kiini katikati, na pembeni yake mengine manne.

"Nyuzi hizi nazifunga mimi mwenyewe," akasema taratibu. "Miaka ishirini na miwili. Nimekuwa nikizifunga juu ya mayai."

Akaichana karatasi vipande vinne, akafungua kitabu kikubwa cha maabara, akaandika: Alhamisi, saa sita kasoro dakika nane, mayai matano, utafiti unaendelea. Akasita, akamuuliza fundi jina lake kamili, maana hakuwa akilijua, akaliandika la kwanza, juu ya lake.