Kichupa Kitupu cha Daktari Nurdini

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mwanangu Azan kalala. Naandika upesi kabla hajagundua.

Habari kubwa! Asubuhi Daktari Nurdini katuita mimi na Mashavu, ndoo zetu mkononi, akasema kituo chetu cha utafiti kimepata nafasi moja ya mhudumu wa kudumu. Moja! Ijumaa anapeleka jina. Mwaka mzima tumepiga deki maabara hii kama vibarua, wote wawili, na sasa mmoja atapewa kadi ya bima, yeye na mtoto wake. Azan ana miezi tisa na kifua kinakoroma kama boti ya Mbwera inayoishiwa mafuta. Kadi hiyo ni yake. Nimeshaamua.

Mashavu kasema kwa sauti ya asali kwamba yeyote atakayepata, yeye roho yake nyeupe. Kisha akaanza kupiga deki pale pale nilipokwisha kupiga mimi. Roho nyeupe!

Jumanne, 15 Julai

Leo nimemwahi. Daktari alikuwa akisubiri mzigo kutoka ng'ambo, miezi miwili sasa, kila siku anauliza kama mtu aliyeposa. Nikasikia basi limeuleta. Mashavu alikuwa chooni. Nikatoka mbio hadi stendi, nikasaini mimi, nikarudi na boksi kichwani, kwa madaha mithili ya bibi harusi wa Kibiti.

Daktari hakuwepo, kaenda Ruaruke. Ila jana alitueleza vizuri. Ndani mna protini, jina lake galektini. Ni protini ya binadamu lakini haijatoka kwa binadamu. Maelekezo ya mwili wetu yamepandikizwa kwenye bakteria, bakteria wakaifyatua kiwandani. Kazi yake ni kushika sukari. Vijidudu navyo vina sukari kwenye ngozi zao, kwa hiyo protini hii inavikamata, na yeye anataka kuona inavikamataje. Nilimuuliza kama yafaa kwenye uji wa mtoto. Kanionyesha ndoo yangu.

Nikafungua boksi ili nimpangie vizuri, aone nani mchapakazi. Barafu ipo. Karatasi ipo, imeandikwa ni ya utafiti tu, marufuku kwa matumizi ya binadamu. (Ya binadamu, marufuku kwa binadamu. Haya.) Kichupa kipo, kidogo kuliko kidole gumba cha Azan.

Kitupu.

Nikakiinua kwenye mwanga. Kitupu! Nikakitikisa sikioni kama achaguaye nazi. Kimya. Nikafungua mfuniko, nikachungulia kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Hakuna hata vumbi.

Na aliyesaini ni mimi!

Nikimwambia Daktari, atasema nimemwaga. Mashavu ataapa kaniona nikimwaga. Kwaheri kadi. Nimekaa juu ya ndoo nikafikiri kwa bidii, jambo ambalo sijalifanya tangu nijifungue. Mkobani nilikuwa na kopo la maziwa ya unga ya Azan. Shuleni tulifundishwa maziwa ni protini. Kwa hiyo si uongo hasa. Nikatia kidogo kwa njiti ya kiberiti, kiasi cha robo ya kucha, nikafunga, nikarudisha kwenye barafu.

Kazi safi. Daktari hataaibika, wa kiwandani hawataaibika, mimi sitaaibika.

Jumatano, 16 Julai

Ushindi! Daktari kafungua kichupa, kaona unga mweupe, kashangaa. Kasema miaka yote galektini huja kidogo mno, safari hii jamaa wamekuwa wakarimu. Nikasema Alhamdulillahi. Akatia maji yake ya dawa, ikawa nyeupe kama tui. Akakunja uso. Akaipima kwenye mashine, mashine ikasema protini imezidi mara mia! Akacheza. Mtu mzima, na koti lake jeupe, kacheza mbele ya friji.

Kisha akauliza nani alipokea mzigo. Nikainamisha macho kwa adabu, nikasema ni mimi, Daktari. Kasema mikono yangu ina baraka.

Mashavu kapita na fagio akinong'ona kwamba mwenzetu Mama Azan siku hizi anatotoa protini. Wivu tu. Mama mkwe nilipomsimulia kuhusu kadi, kanipikia samaki. Mara ya kwanza tangu harusi.

Alhamisi, 17 Julai

Mambo yameharibika.

Tangu asubuhi Daktari anachanganya protini yake na vijidudu. Havishikwi. Kajaribu mara tatu. Hata kimoja! Mwishowe akakileta kichupa puani, akanusa. Akanusa tena. Akatuita.

Kasema kinanuka maziwa.

Kisha akatueleza, taratibu, kama anayefundisha watoto wa awali, na kila neno lilinichoma. Kichupa hakikuwa kitupu. Galektini hukaushwa ikawa utando mwembamba usioonekana kwa macho, umeganda ukutani mwa kichupa. Ndivyo inavyokuja siku zote. Na sukari inayoipenda kuliko zote ni ya jamii ya ile iliyo kwenye maziwa. Mtu kaitilia maziwa, nayo imeshika sukari hiyo mikono yote. Ni sawa na mtu kabeba masinia mawili ya pilau, umwambie apige makofi. Na hiyo mara mia iliyosomwa na mashine ilikuwa protini ya ng'ombe.

Yaani ilikuwemo! Wakati wote nilipokuwa nikichungulia, ilikuwemo!

Daktari akageuza macho taratibu hadi kwenye kikombe cha Mashavu. Mashavu hunywa chai ya maziwa ya unga kwenye chumba cha vifaa, na imekatazwa. Akauliza kama ni yeye. Mashavu akaapa kwa kaburi la babake. Daktari kasema kesho atatoa jina, na hadhani litakuwa la mnywa chai.

Nikanyamaza. Mungu ananiona, nilinyamaza. Nilijiambia kadi ni ya mtoto, si yangu.

Jioni mama mkwe kaniletea Azan getini. Mashavu katoka, macho mekundu, kampokea ili nijifunge kanga. Kamsikiliza kifua kwa sikio lake. Kasema basi Mama Azan, heri upate wewe, huyu anakoroma kuliko mwanangu.

Angenitukana ningelala vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeungama. Nilipanga niungame kwa machozi, Azan mgongoni, ili nionekane mkweli kupindukia na jina libaki langu. Mpango mzuri! Lakini Azan kacheka muda wote, na kila nilipofika kwenye maziwa alijamba. Nikajikuta nimesema yote bila mpango: kichupa, njiti, kikombe cha Mashavu kisicho na hatia.

Daktari kavua miwani. Kasema kinachomuuma si unga, ni kwamba niliona jambo nisilolielewa nikalitengeneza badala ya kuuliza. Jina limekwenda: Mashavu. Mimi nabaki kibarua hadi Desemba, halafu nafasi nyingine huenda ikatokea. Sharti ni moja: nisiguse nisichokielewa kabla ya kuuliza.

Nikasema nimeelewa. Na nimeelewa kabisa. Mashavu kanikumbatia, kisha kanikabidhi fagio lake. Mama mkwe karudi kwenye mchicha.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimekuwa zamu peke yangu. Daktari kaenda Dar, anarudi Jumatatu. Akiondoka alilalamika mlangoni kwamba umeme wa kituo unayeyuka kama barafu, hajui nani anaula. Ndipo akili ikanifunguka. Mtu atakayeokoa umeme, Desemba hiyo ni yake! Ya Azan, yaani.

Nimezunguka kote. Taa zimezimwa. Feni zimezimwa. Aliyekuwa akiula ni friji lile refu la chumba cha nyuma, linaunguruma mchana na usiku kama mashine ya kukoboa mpunga. Nikalifungua. Mna vichupa vya damu na mikojo ya watu wa delta, miaka minne ya kukusanya, vimeganda mawe. Hakuna anayekula humo. Na kitu kilichoganda hivyo kitayeyuka lini kwa siku mbili?

Sikugusa kichupa hata kimoja. Sharti ni sharti.

Nimechomoa waya tu. Kimya kizuri! Natamani kuuona uso wake Jumatatu.