Madurai ya Ghorofa ya Tano

Ijumaa, 6 Februari 2009

Dhuluma! Saa nane mchana nilikuwa niwe angani. Saa nane mchana nilikuwa jikoni kwangu Husby nikivua koti.

Binti wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Arlanda aliipekua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayetafuta chawa. Kisha akauliza viza ya India iko wapi. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni pasipoti ya Sweden, niliyoisubiri miaka minane, na mwenye nayo haulizwi maswali. Akasema Wahindi huuliza. Ndege ikaondoka na kiti changu kitupu, cha dirishani!

Tatizo ni Benedicta. Anasema amechoka na matangazo yangu yasiyotimia: leseni ya udereva, mgahawa wa ndizi, kozi ya gitaa. Krismasi alitoa neno la mwisho. Safari hii nikienda kweli na nikarudi, niandike barua ya posa kwa wazee wake Moshi. Madurai, mji wa hekalu kubwa huko India, aliichagua mwenyewe. Utotoni walikaa nyuma ya hekalu la Wahindi, akawa anasikia kengele kila jioni, na hakuwahi kuingia ndani.

Sasa nimpigie nimwambie nimeishia kaunta? Na Zacharie ajue? Zacharie wa ghorofa ya pili, Mkongo wa Bukavu, ambaye tangu akae Roma siku tatu hawezi kunywa kahawa bila kuitaja Roma? Thubutu. Nitaizuru Madurai hapa hapa, ghorofa ya tano. Likizo ninayo, siku kumi. Mchele ninao, na kitabu cha wasafiri cha maktaba ninacho. Mapazia nimeshusha.

Jumapili, 8 Februari

Nimefika Madurai. Ujumbe wa kwanza kwa Benedicta saa nne asubuhi: minara ya hekalu ni mirefu hata shingo inauma, na kila mmoja umejaa miungu ya rangi zote. Uk. 212.

Kitabu kinasema viatu huvuliwa nje. Nikavua. Kinasema waumini hulizunguka hekalu kwa upande wa kulia. Nikazunguka kochi mara saba. Jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Watu hawana heshima kwa ibada za wengine!

Benedicta akajibu upesi. Je, ni kweli ndani kuna ukumbi wa nguzo nyingi? Je, zinanukia nini? Nikaandika: yasmini na moshi wa ubani. Nyumba yenyewe ilikuwa inanuka dagaa.

Faida moja ya ngozi yetu: nikirudi, hakuna atakayeuliza mbona sikuungua na jua.

Jumatatu, 9 Februari

Leo nimepotea kwenye vichochoro vya mji, uk. 216. Nimewakuta mafundi cherehani wakishona katikati ya nguzo za mawe za kale. Nimeshonewa shati. Hapo nilijiponza, maana Benedicta anataka kuliona.

Amesema amemsimulia mama yake kwa simu. Mama kasema basi huyu Evodius ni mtu wa kweli. Niliona haya. Dakika mbili hivi. Kisha nikakumbuka kwamba kosa ni la ubalozi, usiojitangaza vya kutosha.

Jumatano, 11 Februari

UNYAMA!

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi chumba cha kufulia cha jengo hili ni changu. Kwenye ubao wa kuwekea zamu pana kufuli langu, namba ya nyumba yangu, mwaka wa nne sasa. Nikashuka kwa ngazi, kimyakimya, kofia hadi machoni, kikapu kwapani. Nakuta nini? Mashine zote mbili zinazunguka! Kufuli langu limeng'olewa na kutupwa dirishani! Na ndani ya kioo naona suruali ya Zacharie, ile ya Roma!

Eti kwa kuwa mwenyewe nipo India? Mtu akisafiri haki zake zinasafiri? Wazungu wa nchi hii wanaweza kukusamehe mengi, lakini muda wa kufulia ni amana.

Nikafanya wanavyofanya wastaarabu wa hapa. Niliandika kikaratasi kwa Kiswidi safi, herufi kubwa, nikakibandika kwenye mashine. Nikaweka tarehe na saa, maana lalamiko lisilo na tarehe halina nguvu. Nikaweka na jina, maana sipendi woga wa watu wasiotia saini.

Nikapanda juu moyo mweupe. Nikamwandikia Benedicta kwamba leo tembo wa hekaluni amenibariki, ameniwekea mkonga kichwani.

Alhamisi, 12 Februari

Zacharie ni nyoka. Kakibandua kikaratasi changu na kukipeleka mazoezi ya kwaya ya kanisa letu, anakoimba Benedicta. Kakisoma mbele ya watu wote, tarehe na saa na saini. Nasikia aliuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Huyu mzee iko Inde ao iko ku masini?" Nasikia hata mchungaji alishika mbavu.

Ujumbe wa Benedicta, wote: "Msalimie tembo."

Nimejibu kwamba nyumbani kwangu kuna binamu mwenye jina kama langu.

Jumamosi, 14 Februari

Benedicta amekuja. Kutoka kwake Vårby gård, ng'ambo ya jiji, theluji yote hii. Nikafungua mlango peku. Akatazama miguu, akatazama kitabu juu ya kochi, akaketi bila kuvua koti.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema ningempigia kutoka Arlanda angekuja kunichukua, tungecheka njia nzima, viza ni karatasi tu. Lakini kila siku zamu ya usiku wodini aliwasimulia wenzake habari za minara na vichochoro, na mwisho za yule tembo. Na mama yake Moshi amewaambia majirani. Akalia kidogo. Mimi nilitaka kulia pia, nikaona nisimharibie.

Kisha akasema Machi anakwenda Madurai mwenyewe. Akaweka fomu ya viza mezani. Nikitaka, nijaze na nimpelekee Jumanne, aipeleke ubalozini pamoja na yake. Ila kila neno liwe la kweli. Tukifika katika ukumbi wa nguzo, tutazungumza habari za barua ya wazee. Nisipoweza kusema kweli hata kwenye karatasi, basi kila mtu na njia yake.

Nimeapa. Kwa moyo wote nimeapa.

Jumanne, 17 Februari

Nimerudi kazini jana, nyumba ya kutunzia wazee pale Kista. Walinipokea na keki yenye tembo! Ningefanyaje? Niliwaeleza minara, vichochoro, yasmini. Bibi mmoja wa miaka tisini alinishika mkono, akasema sasa anaweza kufa ameiona India.

Jioni hii nimejaza fomu kwa kalamu nyeusi, kwa utulivu. Jina, kweli. Kazi, kweli. Tarehe ya kuzaliwa, kweli tupu. Benedicta atafurahi.

Swali la kumi na nane linauliza kama nimewahi kuzuru India. Nimefikiri sana. Kazini wote wanajua, keki imeliwa, haiwezekani karatasi ya serikali ipingane na watu ishirini. Nimeandika: Ndiyo. Februari 2009, Madurai, siku kumi. Naenda kumpelekea sasa hivi.